Kupeleka ardhilhali Bungeni Kenya: kuingia ni rahisi, kutoka na sheria ni kazi

Huduma ya ardhilhali, yaani ombi rasmi la mwananchi kwa Bunge, haina ada, haihitaji wakili, haina kima cha chini cha sahihi, na inapokea maandishi ya Kiswahili sawasawa na ya Kiingereza. Mtu mmoja akiwa na biro na karatasi mbili anaweza kulilazimisha Bunge la Kenya kumjibu kwa maandishi. Hata hivyo wengi wenye sheria zao kichwani, wale wa "mimi ningepewa siku moja tu pale juu", huishia kuwahutubia abiria wenzao kwenye matatu. Tathmini hii inahusu jinsi inavyoandikwa, inakokwama, na kile ambacho mwombaji hupata mwishoni.

Msingi wake ni Kifungu cha 119 cha Katiba ya 2010, kinachompa kila mtu haki ya kuliomba Bunge lishughulikie jambo lolote lililo ndani ya mamlaka yake, ikiwemo kutunga, kurekebisha au kufuta sheria. Katiba imesema kila mtu. Haikusema kila raia wala kila mpiga kura. Utaratibu umewekwa na Sheria Nambari 22 ya 2012 kuhusu maombi kwa Bunge, pamoja na Kanuni za Kudumu za Bunge la Taifa na za Seneti. Isichanganywe na kutoa maoni kuhusu mswada chini ya Kifungu cha 118, jambo ambalo Wakenya wengi walilizoea wakati wa Mswada wa Fedha wa 2024. Kwenye maoni, Bunge ndilo linalotoa tangazo na kuweka siku ya mwisho. Kwenye ardhilhali wewe ndiye unayeliita Bunge, siku unayotaka wewe.

Chuja kwanza hiyo sheria yako

Sehemu kubwa ya kazi hufanyika kabla ya kugusa karatasi, na hapa ndipo ardhilhali nyingi hufa zikiwa bado ndoto. Swali la kwanza ni kama sheria unayoitaka haipo tayari. Chukua kilio cha kila mtaa: spika za baa na za makanisa usiku. Kanuni za kudhibiti kelele zilitungwa mwaka 2009 chini ya sheria ya mazingira. Kwa maeneo ya makazi zinaweka kikomo cha desibeli 35 usiku, na usiku wao huanza saa mbili na dakika moja jioni. Kwa hiyo anayetaka "sheria mpya ya kelele" anaomba kitu ambacho kimekaa kwenye vitabu miaka yote hiyo. Anachokosa ni utekelezaji, na dawa yake ni malalamiko kwa NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, au kwa kaunti. Kamati ya Bunge ikipata ombi la namna hiyo humjibu mwombaji kwamba sheria ipo, na mwombaji huona amepuuzwa.

Swali la pili ni kama kweli unahitaji sheria ya Bunge. Mambo mawili yaliyobadilisha maisha ya Wakenya kwa haraka kuliko sheria nyingi hayakupitia mswada wowote. Mikanda ya usalama na vidhibiti mwendo vya kilomita 80 kwa saa kwenye matatu vilitoka kwenye kanuni za waziri John Michuki, Tangazo la Kisheria nambari 161 la 2003. Marufuku ya mifuko ya plastiki ilitangazwa na waziri wa mazingira kwenye gazeti rasmi la serikali Februari 2017 na kuanza kutumika tarehe 28 Agosti mwaka huohuo, baada ya kampeni ndefu ya wananchi mtandaoni. Kama sheria mama tayari inampa waziri mamlaka ya kutunga kanuni juu ya jambo lako, barua nzito kwa waziri ni njia fupi. Nakala ya barua hiyo utaihitaji hata ukikataliwa, kwa sababu nitakayoifikia.

Swali la tatu ni mamlaka. Ardhilhali ya kupunguza mishahara ya wabunge ni maarufu na haina pa kushika, kwa sababu mishahara hiyo hupangwa na Tume ya Mishahara na Marupurupu chini ya Kifungu cha 230. Ya kupunguza idadi ya wabunge inagusa Katiba yenyewe. Ya ada ya soko au barabara ya kijijini ni ya kaunti. Hata ndani ya Bunge kuna kuchagua mlango. Seneti ipo kwa ajili ya mambo ya kaunti, na mswada wa fedha huanzia Bunge la Taifa pekee. Mwombaji wa mambo ya ugatuzi, hospitali za kaunti kwa mfano, atapata wasikilizaji walioiva zaidi Seneti. Ukikosea mlango, karatasi yako itazunguka kwa wiki kadhaa kabla hata haijasomwa.

Swali la nne ni kama suala liko mahakamani. Fomu inakutaka useme, na ukificha wakaligundua, kamati itaweka kalamu chini.

Mfano mmoja, mwanzo hadi mwisho

Tuchukue kitu ambacho kinafaa kabisa kwa huduma hii: kodi ya nyumba. Mpangaji wa Pipeline, Nairobi, au Kisauni, Mombasa, akiulizwa angepitisha sheria gani, haoni haja ya kufikiri: mwenye nyumba asipandishe kodi ovyo, na dipoziti irudishwe. Sheria ya kudhibiti kodi za nyumba ipo, Sura ya 296, na ni ya mwaka 1959. Inaweka kodi ya kawaida, inakataza kumfukuza mpangaji bila amri, na ina baraza lake la kusikiliza kesi. Tatizo liko kwenye kifungu cha 2(1)(c): sheria hiyo haihusu nyumba ambayo kodi yake ya kawaida inazidi shilingi 2,500 kwa mwezi. Chumba cha pesa hizo mjini leo kitafute kwa tochi. Ulinzi umeandikwa, ila tarakimu imeuacha nyuma.

Ardhilhali mbovu ingeandika: "Tunaomba Bunge lipitishe sheria ya kuwalinda wapangaji dhidi ya unyanyasaji." Kamati itakubaliana nayo kwa moyo wote na haitakuwa na la kufanya. Ardhilhali nzuri inaomba kwamba Bunge lirekebishe kifungu cha 2(1)(c) cha Sura ya 296 kwa kufuta kiwango cha shilingi 2,500 na kuweka kiwango kingine kilichotajwa, tuseme 15,000. Kisha inaomba kiongezwe kifungu kipya kinachomtaka mwenye nyumba kurudisha dipoziti ndani ya siku 14 baada ya mpangaji kuhama, pamoja na orodha ya makato na sababu zake. Hapo mwanasheria wa Bunge anajua aanzie wapi. Kwa kuwa sheria zenyewe zimeandikwa kwa Kiingereza, mwombaji wa Kiswahili ataje nambari ya kifungu na kifungu kidogo, kisha anukuu maneno yanayofutwa kama yalivyo kwenye sheria. Asiyatafsiri. Nakala za sheria zote ziko bure kwenye tovuti ya Kenya Law. Hakikisha unasoma toleo la sasa, kwa maana sheria iliyorekebishwa juzi bado huzagaa mtandaoni katika sura yake ya zamani.

Weka pia sababu ya kiwango chako. Kwa nini 15,000 na si 30,000? Hilo ndilo swali la kwanza ambalo mbunge yeyote mwenye nyumba za kupangisha atauliza, na wako wengi. Jibu liwe na mantiki ya kuhesabika: kodi za vyumba katika mitaa mitatu minne, kiwango ambacho baraza la kodi linaweza kuhimili kesi zake, na kadhalika.

Karatasi yenyewe

Fomu iko kwenye jedwali la Sheria Nambari 22 na ina mpangilio usiobadilika. Unaanza kwa kujitambulisha kwa jumla: sisi tuliotia sahihi hapa chini, wapangaji wa eneo fulani. Unavuta nadhari ya Bunge kwa hoja zako, kila moja ikianza na KWAMBA. Unathibitisha kwamba umejaribu kwingine na jibu halikuridhisha. Unathibitisha kwamba suala haliko mbele ya mahakama wala chombo kingine cha kikatiba au cha kisheria. Halafu unafika kwenye KWA HIVYO, ambapo waombaji wenu wanyenyekevu wanaomba Bunge lifanye hili na lile. Inafungwa kwa maneno ya kizamani kwamba waombaji wenu wataomba daima. Yaache yalivyo. Huu si wakati wa kuonyesha ufundi wa lugha.

Masharti ya umbo ndiyo yanayowaangusha watu wazima na akili zao. Maandishi yanaweza kuwa ya mkono, ya taipu au ya kuchapishwa, lakini yasiwe na maneno yaliyofutwa wala kuchomekwa juu ya mstari. Ukikosea neno moja, andika ukurasa upya. Wino mweupe hauna nafasi hapa. Lugha iwe ya heshima na ya kiasi, kwa hiyo "wezi hawa" litoke hata kama una ushahidi. Kama ardhilhali ina zaidi ya karatasi moja, kila karatasi ibebe kichwa cha suala lenyewe. Sharti hili lina maana: karatasi ya sahihi isiyo na kichwa inaweza kuchomolewa na kubandikwa kwenye ombi lingine kabisa, na waliotia sahihi wasijue.

Sahihi, nambari ya kitambulisho na anwani ziandikwe moja kwa moja kwenye ardhilhali. Zisibandikwe, zisihamishwe kutoka kwenye daftari la mkutano. Asiyeweza kutia sahihi aweke alama ya kidole gumba mbele ya shahidi. Ni hapo ndipo zile sahihi elfu kadhaa zilizokusanywa kwenye tovuti za kampeni mtandaoni zinapopoteza uzito wake wa kisheria. Zinaweza kusaidia kuvuta magazeti. Kwa Karani wa Bunge, ofisa anayepokea na kukagua ardhilhali, hazihesabiki. Na kwa kuwa kila mstari wa orodha ni jina kamili na nambari ya kitambulisho, usiziache karatasi hizo kwenye meza ya duka zikizungukwa na kila mpita njia. Mtu mmoja azishike, azihesabu asubuhi na jioni, na zilizoharibika zichanwe.

Kwa kuwa hakuna kima cha chini, sahihi ngapi zinatosha? Moja inatosha kisheria. Kisiasa, 50 hadi 200 za watu wanaoguswa kweli zinatosha kuonyesha kwamba jambo si ugomvi wa mtu na jirani yake. Zaidi ya hapo unaongeza hatari ya makosa bila kuongeza nguvu yoyote mbele ya kamati.

Sharti linaloshangaza wengi ni la viambatisho. Ardhilhali haitakiwi kuambatanishwa na barua, hati za kiapo wala nyaraka nyingine. Wenye bahasha nene za risiti, picha na nakala za kesi hurudishwa hapo hapo. Dondoo muhimu iingie ndani ya hoja zako kwa sentensi moja yenye tarehe ("tarehe fulani tuliiandikia wizara, haikujibu"), na bahasha ibaki nyumbani hadi kamati itakapokuita. Sasa unaona kwa nini ile barua ya waziri ilikuwa na maana. Bila jaribio lolote la awali, hoja ya "tumejaribu kwingine" inabaki tupu, na hiyo ni miongoni mwa sababu nyepesi za kurudishiwa karatasi.

Kuiwasilisha

Kuna njia mbili. Unaweza kuipeleka mwenyewe kwa Karani wa Bunge la Taifa au wa Seneti, au mbunge aiwasilishe kwa niaba yako kwa idhini ya Spika, naye aisaini. Njia ya Karani haina deni la mtu. Njia ya mbunge inakupa mtu wa kuisukuma, lakini mbunge anaweza kuikalia mfukoni akisubiri wakati unaomfaa yeye. Ushauri wangu ni kuipeleka kwa Karani, kisha ndipo umtafute mbunge au seneta mwenye hamu na jambo hilo umwambie imeshaingia. Si lazima awe wa eneo lako. Tengeneza nakala mbili, moja ipigwe muhuri wa kupokelewa na urudi nayo. Bila muhuri huna tarehe, na bila tarehe huna cha kudai.

Karani ana siku 7 za kuikagua. Ikiwa na kasoro ya umbo anaweza kukuelekeza uirekebishe, na hili ni jambo jema kuliko inavyofanyika katika ofisi nyingi za umma, ambako faili lenye kasoro huliwa na kabati. Ikikamilika inapelekwa kwa Spika, ambaye huiarifu Bunge. Seneti ina dakika zisizozidi 30 za maseneta kutoa maneno yao hapo hapo. Ndizo dakika zako za jukwaa la taifa, na zinaingia kwenye Hansadi, kumbukumbu rasmi ya mijadala ya Bunge. Mwenye busara huwapigia simu maseneta wawili watatu siku iliyotangulia, maana dakika hizo zikipita kimya, suala linaingia kamatini likiwa baridi.

Kamatini ndiko safari ilipo. Bunge la Taifa, tangu Bunge la 13 lilipoanza mwaka 2022, lina Kamati ya Maombi ya Umma. Zamani kila ombi lilitupiwa kamati ya idara husika, ambayo tayari ilikuwa na bajeti na miswada ya serikali juu ya meza. Mabadiliko hayo ni ya maana, kwani sasa kuna kamati ambayo kazi yake ni hiyo hasa. Hasara ni kwamba kamati hiyo moja inabeba mambo ya ardhi, kahawa, elimu na fidia za wanyamapori kwa pamoja, na haiwezi kuwa na ujuzi sawa katika yote. Mwombaji aandae maelezo kana kwamba anazungumza na watu wenye akili nzuri wasiojua lolote kuhusu jambo lake.

Ukiitwa, peleka nakala za kutosha wanakamati wote: ukurasa mmoja wa muhtasari, na nyuma yake ile bahasha ya ushahidi iliyokuwa ikisubiri nyumbani, sasa ikiwa na kurasa zilizohesabiwa nambari. Zungumza dakika 10. Soma ombi lako neno kwa neno mwishoni, kwa sababu maswali ya wabunge hutangatanga na katibu wa kamati anahitaji kitu cha kuandika. Wizara nayo itaitwa kujibu, mara nyingi baadaye, ukiwa haupo. Omba kwa maandishi nakala ya majibu yake na nafasi ya kuyajibu. Wasioomba hukutana na utetezi wa wizara kwa mara ya kwanza ndani ya ripoti.

Muda, na kinachoupoteza

Seneti imejiwekea siku 60 za kalenda tangu ombi lisomwe hadi kamati imjibu mwombaji kwa ripoti inayowekwa mezani. Kwenye karatasi hiyo ni kasi nzuri. Kwa vitendo, siku hizo huliwa na likizo za Bunge, na wizara zisizojibu barua hadi zikumbushwe, na mawaziri wanaotuma manaibu ambao kamati inakataa kuwasikiliza. Kisha kamati huomba kuongezewa muda. Jipangie mwaka mmoja na ushukuru ukiisha mapema.

Kalenda ya uchaguzi ni hatari kubwa zaidi. Uchaguzi mkuu hufanyika Jumanne ya pili ya Agosti kila mwaka wa tano, na muda wa Bunge ukiisha, shughuli zisizokamilika huisha nalo. Ardhilhali inayoingia miezi ya mwisho kabla ya uchaguzi inasikilizwa na watu ambao mioyo yao iko kwenye mchujo wa vyama. Wakati mzuri ni mwaka wa kwanza na wa pili wa Bunge jipya, kamati zikishaundwa na wabunge wapya bado wanatafuta jambo la kujitambulisha nalo.

Kinachotoka

Hapa ndipo huduma inapopungukiwa. Ukifanikiwa kabisa, unapata ripoti yenye mapendekezo. Ripoti si sheria. Hata ikisema kwamba Sura ya 296 irekebishwe, lazima mtu aandike mswada: serikali, kamati, au mbunge binafsi. Pendekezo la mbunge binafsi hupitia kwa Spika na Ofisi ya Bajeti ya Bunge, huchunguzwa na kamati, huchapishwa kwenye gazeti rasmi, husomwa mara ya kwanza, hutolewa kwa umma kwa maoni, husomwa mara ya pili, hupitia kamati ya Bunge zima, husomwa mara ya tatu, huenda Seneti kama linagusa kaunti, kisha humfikia Rais, ambaye ana siku 14 za kutia sahihi au kulirudisha. Ardhilhali yako imekufikisha kabla ya hatua ya kwanza ya safari hiyo.

Ndiyo maana yule mbunge mwenye hamu anatakiwa mapema. Ripoti ikitoka leo, kesho mpelekee rasimu ya vifungu viwili vitatu vilivyoandikwa tayari. Mswada wa kurekebisha tarakimu moja una nafasi. Mswada wa kurasa 80 wa kusuka upya sekta nzima hauna, isipokuwa serikali yenyewe iutake. Na hata Katiba ikiagiza, Bunge linaweza kukaidi: sheria ya uwakilishi wa jinsia, ambayo Katiba ya 2010 iliwekea muda, haikupatikana hata baada ya Jaji Mkuu David Maraga kumshauri Rais tarehe 21 Septemba 2020 alivunje Bunge kwa kushindwa kuipitisha. Bunge halikuvunjwa.

Ukilinganisha na kwingine

Mwenye kuishi Uingereza, hata kama si raia, anaweza kuanzisha ombi kwenye tovuti ya Bunge la huko. Anahitaji watu watano wa kumuunga mkono ndipo likaguliwe na kuchapishwa, kisha lina miezi 6. Sahihi 10,000 zinaipa serikali wajibu wa kujibu, na 100,000 zinalifanya lifikiriwe kwa mjadala. Ombi la 2019 la kutaka nchi isitoke Umoja wa Ulaya lilipita sahihi milioni 6. Likajadiliwa, na nchi ikatoka.

Finland ndiyo inayonivutia zaidi. Tangu Machi 2012, raia 50,000 wenye umri wa kupiga kura wakitia sahihi ndani ya miezi 6, pendekezo lao linaingia bungeni, na linaweza kuwa mswada uliokamilika vifungu vyake. Sheria ya ndoa ya usawa ya huko ilianzia hivyo. Wabunge waliikubali kwa kura 105 dhidi ya 92 Novemba 2014, ikaanza kutumika Machi 2017. Kenya ina mlango mpana kuliko nchi zote hizo mbili, kwani haidai hata sahihi ya pili. Finland ina njia fupi kutoka mlangoni hadi kwenye kura. Ningekuwa na uwezo wa kupitisha sheria moja tu juu ya huduma hii, ingekuwa kwamba ripoti ya kamati inayokubali kurekebisha kifungu fulani iambatane na mswada uliokwisha kuandikwa na wanasheria wa Bunge.

Kenya nayo ina bidhaa yake kubwa, marekebisho ya Katiba kwa mpango wa wananchi chini ya Kifungu cha 257. Inadai sahihi za wapiga kura milioni moja, uhakiki wa tume ya uchaguzi, IEBC, idhini ya mabunge ya kaunti yasiyopungua 24 kati ya 47, kisha Bunge, na kwa masuala mazito kura ya maamuzi. Hakuna aliyefika mwisho. Kampeni ya Okoa Kenya ya 2016 ilipeleka sahihi takriban milioni 1.6 na IEBC ikakubali 891,598 tu. Punguza Mizigo ya 2019, iliyotaka wabunge wote washuke kutoka 416 hadi 147, ilipita kizingiti cha sahihi ikaangukia kwenye mabunge ya kaunti. BBI, mpango wa Rais Uhuru Kenyatta na Raila Odinga wa kurekebisha Katiba, ilipita huko kote ikaangushwa na mahakama. Mahakama ya Juu ilisema tarehe 31 Machi 2022 kwamba Rais hawezi kuanzisha mpango ambao Katiba imewawekea wananchi. Kwa mtu wa kawaida bila chama na bila matajiri, njia hii isahaulike.

Alama basi. Gharama, tano kati ya tano: karatasi, nakala, na nauli. Urahisi wa kuingia, nne. Inakosa moja kwa sababu ya masharti ya umbo ambayo hayaelezwi mapema kwa lugha nyepesi. Kasi, mbili. Uwezekano wa kutoka na sheria, moja na nusu kwa anayeomba sheria nzima mpya, na tatu kwa anayeomba tarakimu, neno au kifungu kimoja kibadilishwe.

Mambo ya kaunti yasipelekwe Nairobi. Kifungu cha 15 cha Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 kinatoa haki hiyohiyo mbele ya bunge la kaunti, na kila kaunti ina utaratibu wake, kwa hiyo uliza fomu kwa Karani wa bunge hilo. Angalia Jedwali la Nne la Katiba kwanza: masoko, maegesho, chekechea, zahanati na leseni za biashara viko huko. Kwa ada na tozo, tarehe ndiyo kila kitu. Makadirio ya bajeti hufika bunge la kaunti kufikia tarehe 30 Aprili, na mswada wa fedha unaopanga ada hupitishwa ndani ya siku 90 baada ya mswada wa matumizi kupita. Bajeti ikifuata kalenda, hiyo ni kufikia mwisho wa Septemba. Ardhilhali ya kupunguza ada ya meza sokoni iwe kwa Karani kabla ya Mei. Ikifika Oktoba, ada mpya zimeshaanza kutozwa na mwombaji atasubiri mwaka ujao wa fedha.